Mshipi wa Kipkelion, Saspenda za Boito

Nguo za baba nilikuwa nafua mimi, Jumamosi baada ya kupeleka majani chai, na ndiyo maana nilijua habari za kiuno chake kuliko watu wengi. Suruali zake zote zilikuwa na alama za aina mbili. Ya kwanza ilizunguka kiunoni, mstari wa kahawia ulioachwa na ngozi ya mshipi, ambao haukusikia sabuni wala jiwe. Ya pili ilikuwa kama meno: vijishimo vidogo mbele na nyuma, mahali vibanio vya saspenda vilipouma kitambaa. Baba alivaa vyote viwili kwa pamoja. Mshipi kiunoni, na zile kanda mbili za mpira za kupita mabegani. Kisha sweta juu yake, hata siku ya jua kali.

Watu walimcheka. Kituoni, mahali tunapongoja lori la kiwanda lije kupima majani, wanaume hukaa juu ya ukuta mfupi wakitafuta mtu wa kumaliza naye saa. Baba akitokea na gunia lake, kazi imepatikana.

"Mzee, hiyo suruali imewahi kuibwa?"

"Bado," baba anasema.

"Na mbona umeiwekea kufuli mbili?"

"Ng'ombe mkali hufungwa kamba mbili."

"Lakini ng'ombe mwenyewe ako wapi? Sisi tunaona kamba tu."

Baba ni mwembamba, kwa hiyo hapo wote wanacheka, na yeye pia anacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Mimi nilikuwa nageuka naangalia gamboots zangu. Ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, bado nasema sijui, ili nikae chini haraka. Sasa fikiria mtu kama mimi, na baba yake ndiye anayechekwa mbele ya vijana wa kijiji kizima.

Sababu ya vitu viwili sikuijua mwanzoni. Nilidhani ni mtu mwoga tu wa kuangukwa na suruali.

Sisi ni nyumba ya pili. Mama mkubwa yuko upande wa Kipkelion, kwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa, mahali unaposikia gari la moshi likipita. Mama yangu yuko hapa Boito kwenye majani chai. Wazee wengi wa kwetu walifanya hivyo, kuweka wake mbali mbali, kila mmoja na shamba lake, wasije wakagombania kuni. Na sheria yake hata mtoto wa nasari anaijua: mali ya nyumba moja haivuki kwenda nyumba nyingine. Ng'ombe wa Kipkelion ni wa Kipkelion. Majani ya Boito ni ya Boito. Anayevuka ni mzee peke yake, na alichovaa.

Mshipi ulikuwa wa Kipkelion. Mama mkubwa alikuwa na ng'ombe mwekundu, wa kwanza kabisa katika nyumba yake, aliyezaa ndama mpaka akafa kwa uzee. Ngozi yake hakuiuza. Aliipeleka kwa fundi wa viatu karibu na stesheni, akamwambia amkatie mumewe mshipi. Ulikuwa mpana, mgumu, na chuma chake kizito kama cha matandiko ya punda. Mama mkubwa husema mwanamume asiye na mshipi ni kama ndama asiye na kamba, utamkuta kwa jirani.

Saspenda zilikuja baadaye. Baba alipatwa na vidonda vya tumbo, na daktari akamwambia asijikaze tumboni. Mama akaenda Bomet siku ya soko, akachimba kwenye mitumba, akarudi na saspenda za rangi ya damu ya mzee. Alimvalisha mwenyewe, wamesimama mlangoni, akipandisha vile vichuma vya kurefusha na kufupisha mpaka suruali ikakaa.

"Sasa tumbo litapumua," akasema.

Ilikuwa huruma, sikatai. Lakini yule ni mama yangu, namjua. Ilikuwa pia njia ya kutoa mkono wa mtu mwingine kiunoni pa baba.

Baba akazivaa. Na mshipi hakuuvua.

Mtu akiona vitu viwili anafikiri vyote viwili vinafanya kazi. Nilijua sivyo likizo ile baba aliponichukua twende kumsalimia mama mkubwa, nikiwa nimemaliza muhula wangu wa kwanza wa sekondari. Kericho tulishuka kubadilisha gari. Baba akanunua chai na mandazi kwenye hoteli moja, tukanywa, halafu akanipeleka nyuma, karibu na bomba la kunawa. Akavua sweta, akanipa nishike. Akashusha vichuma vya saspenda mpaka kanda zikalegea mbavuni kama majani yaliyonyeshewa. Kisha akavuta tumbo ndani na kukaza mshipi hadi tundu la mwisho, lile lililochakaa. Uso wake ulijikunja kidogo, ukajikunjua. Akachukua sweta.

"Baba, na tumbo?"

"Litavumilia. Ni siku chache."

Tukatembea. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Usimwambie mama."

"Mama yupi?"

Alisimama akafikiria. "Wote," akasema.

Kumbe ndivyo alivyoishi. Akielekea Kipkelion, mshipi unashika suruali na saspenda zinapumzika. Akirudi Boito, pale pale Kericho kwenye bomba, saspenda zinapandishwa na mshipi unalegezwa mpaka unaning'inia tu kwenye vitanzi vyake. Alivaa nyumba zote mbili, ila alikazwa na moja kwa wakati mmoja. Kila mke alimwona amekazwa na kitu chake. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Mama mkubwa alinipokea vizuri sana. Mimi nilikuwa namwogopa kwa sababu ya jina tu, "mama mkubwa", kumbe ni mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mikono inayonuka maziwa. Alinipa mursik, maziwa yetu ya kibuyu yaliyosuguliwa mkaa, mpaka nikashindwa kuinama. Jikoni akaniuliza, "Saspenda za mama yako bado zinavuta?"

Nikasema sijui.

"Mwambie ni nzuri. Rangi yake ni nzuri."

Sikujua kama anasema kweli au anachokoza. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama hivyo hivyo. Alikuwa anasonga ugali. Akasonga weee, halafu akasema, "Rangi tu?"

Mwaka uliofuata dada yangu mkubwa akaposwa. Dada ni mwalimu wa nasari, ndiye mzungumzaji katika familia yetu, kana kwamba Mungu alipogawa maneno alimpa yeye yake na yangu. Kijana alikuwa wa upande wa Bomet, watu wa kanisa. Ikapangwa siku ya koito, yaani siku wazee wa upande wa kijana wanapokuja kwa kina msichana kukubaliana juu ya ng'ombe na kubariki.

Baba mdogo, ndugu ya baba anayesimamia mambo ya ukoo, alikuja kutuambia namna ya kukaa. Akasema mama wote wawili lazima wawepo.

"Ng'ombe ni wa nyumba hii, hilo linajulikana," akasema. "Lakini baraka ni ya boma lote. Ukibariki na mama mmoja hayupo, unamimina maziwa kwenye kibuyu kilichopasuka."

Mama alisema sawa. Alisema akiwa anafagia mahali palipokuwa pasafi.

Baba tangu siku hiyo akawa hali chakula vizuri. Nilikuwa namsaidia kupanga kuni nyuma ya jiko aliposema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Alisema anataka kuwaona wale wawili wameketi benchi moja, katika nyumba yake, bila mmoja kununa. Mara moja tu kabla hajazeeka kabisa. Tangu mazishi ya babu hawakuwa wamekaa chumba kimoja, na hata siku hiyo walikaa pande mbili za jeneza.

Shida ilikuwa kiuno. Siku hiyo hakungekuwa na Kericho katikati.

Akikaza mshipi, mama ataona. Akikaza saspenda, mama mkubwa ataona. Akikaza vyote, tumbo lake halitamaliza mazungumzo. Na dada naye alikuwa na lake. Aliogopa wakwe.

"Baba, siku hiyo usijifunge kama gunia la majani, tafadhali," akamwambia tukila. "Watu wa Bomet watafikiri wamekuja kununua mzigo."

Mama akatazama sahani yake. Kesho yake baba akamwita dada nje. Mimi nilikuwepo. Dada akamwambia aende kwa fundi, ashonewe suruali ya kipimo chake, suruali inayokaa yenyewe.

"Nikivaa cha huyu, yule atanuna," baba akasema polepole, akihesabu kwa vidole mambo yaliyo kichwani. "Nikivaa vyote, wataangalia kipi kimekaza. Nisipovaa chochote, nani ataniuliza?"

"Hakuna," dada akasema.

Na mimi niliona ni kweli. Ilionekana akili nyingi sana. Hata leo nikijaribu kuona kosa lilikuwa wapi katika maneno yale, silioni. Yamenyooka kabisa.

Fundi wa madukani kwetu ni mtu wa kutoka ziwani, alikuja na kazi ya kiwanda akabaki na cherehani. Alimzungusha baba kamba ya kupimia, akasoma, akazungusha tena.

"Mzee, kiuno umekipeleka wapi?"

"Nimekigawa," baba akasema.

Fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Hii nitakayokushonea itakaa yenyewe. Hutahitaji mtu."

Baba alitoka pale akitembea kama kijana. Njiani alipiga mluzi. Nilishangaa, sikujua kwamba anajua kupiga mluzi.

Siku ya koito iliamka na ukungu, majani chai yote yamelala chini yake, baadaye likachomoza jua. Mama mkubwa alikuwa amekuja tangu jana yake, akalala kwa baba mdogo. Asubuhi akateremka kwetu na vibuyu viwili mgongoni. Mama alimpokea getini.

"Chamgei," mama akasema.

"Chamgei mising."

Wakashikana mikono. Mikono ilikaa kidogo kuliko salamu ya kawaida, hilo niliona. Kisha wakaingia jikoni, na muda mfupi nikasikia mama mkubwa akisema nyama haina chumvi, na mama akisema, "Chumvi iko pale, weka unavyopenda." Mama yangu. Mtu asiyekubali hata shangazi aguse sufuria yake. Walisuguana mabega mbele ya moto ule ule, mmoja akimwondolea mwenzake moshi kwa kifuniko. Baba alikuwa anapita nje ya mlango wa jiko kila wakati bila sababu. Mara anatafuta jembe, mara anauliza kama kuku wamekula. Alikuwa anataka tu kusikia sauti zao. Alikuwa amevaa koti aliloazima kwa baba mdogo, limefungwa vifungo vyote, na uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha.

Wageni wakaja. Wakaketi. Pasta akaomba. Wakaanza kuzunguka kama wazee wanavyozunguka, wakisema wamekuja kutafuta ndama aliyepotea, wetu wakisema hapa ndama ni wengi, ni yupi, na hivyo hivyo mpaka saa sita ikapita. Ng'ombe wakakubaliwa. Sebule ilikuwa imejaa watu hadi kwenye madirisha na joto lilikuwa la kukausha majani kiwandani. Kwenye benchi moja, upande wa wenyeji, mama mkubwa na mama. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kunawisha.

Kwetu mambo yakikubalika, mzee huchukua siagi na kuwapaka wazazi usoni na kichwani, ni baraka. Mzee wa wageni akachota siagi kwenye kibuyu kidogo, akamwita baba mbele. Na baba, kwa sababu koti halikuwa lake na siagi huteremka, akalivua. Akanipa mimi nishike, kama alivyonipa sweta kule Kericho.

Akageuka kuwatazama watu wake.

Suruali ilikuwa ya kijivu, imekaa vizuri ajabu. Shati jeupe limechomekwa. Mabegani hakuna kitu. Kiunoni hakuna kitu. Kwenye ile suruali hapakuwa hata na vitanzi vya mshipi, fundi hakuviweka. Wageni waliona mzee nadhifu. Dada alitabasamu. Baba naye alikuwa anatabasamu, akitazama benchi kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri.

Mama alitazama kwanza mabega, kisha kiuno. Mama mkubwa alitazama kwanza kiuno, kisha mabega.

Nilikuwa karibu nao kuliko mtu mwingine yeyote. Mama mkubwa hakumuuliza baba. Alimwinamia mama, akanong'ona, "Mshipi uko wapi?"

"Nilidhani ameuacha kwako."

"Hapana." Akatazama tena mabega ya baba. "Na zako?"

 Mkono wa mama ulikuwa unakunja na kukunjua ncha ya leso.

"Basi na wewe pia umevuliwa," mama mkubwa akasema.

Walipakwa siagi baada ya baba, mmoja kisha mwingine. Ya mama iliteremka hadi karibu na jicho na hakuipangusa. Walikuwa wameketi benchi moja, nyumbani kwa baba, na hakuna aliyenuna. Kila kitu alichotaka kilikuwa mbele yake. Watu wakaimba, wakala, na mama mkubwa akawatania wageni kuhusu miguu ya ng'ombe wao mpaka wakacheka. Lakini kila baba alipokaribia benchi, yale maongezi yalikuwa yanasimama, kama mtu asiyejulikana ameingia.

Kitanda cha mama mkubwa kilikuwa kimetandikwa kwetu, mama mwenyewe alikitandika. Hakulala. Alisema ng'ombe hawajui kungoja. Tukamsindikiza hadi barabarani kabla jua halijashuka, baba mbele, mimi nyuma na vibuyu vitupu.

"Nimekosea nini?" baba akamuuliza.

"Hujakosea. Umependeza."

"Mbona basi unaenda?"

Mama mkubwa alisimama akajifunga kitambaa cha kichwani upya, polepole. "Unafikiri sikujua kwamba ukifika huku unalegeza?" akasema. "Ngozi inaongea. Tundu la nje, la kulegezea, lilikuwa linapanuka, na si mimi niliyekuwa nalipanua. Nikasema ni sawa, tumbo linamuuma, wacha apumzike kule. Nilijua ninapolala peke yangu kwamba ule mshipi, hata ukining'inia, ameuvaa."

"Sikutaka yeyote akasirike."

"Na hakuna aliyekasirika," mama mkubwa akasema.

Gari likaja. Akachukua vibuyu vyake kwangu, akanishika shavu kwa mkono wenye siagi. Baba alibaki amesimama barabarani hata baada ya gari kupinda kona. 

Asubuhi tulipokuwa kwenye majani, mimi na dada na mama, kila mtu na mstari wake, dada akasema siku ilienda vizuri. Mama aliendelea kuchuma. Mikono yake ni myepesi sana, majani mawili na kichipukizi, huoni inavyokwenda.

"Hata mimi nikichoka nalegeza kamba ya kikapu," akasema baadaye. "Nalegeza, napumzika. Sikitupi kichakani."

Dada akaacha kuchuma. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Mtu anashuka kwa gari saspenda zimepandishwa sasa hivi, bado zina mkunjo wa mahali zilipokuwa. Kwani mimi ni kipofu?"

"Na hukuudhika?"

"Niliudhika. Nikazoea. Alikuwa anajisumbua kwa ajili yetu, mtu mzima, anavua nguo Kericho kama mtoto. Ukijua mtu anajisumbua hivyo kwa ajili yako, unaweza kukaa." Akatupa konzi ya majani kikapuni. "Sasa hajisumbui."

Dada alilia hapo hapo katikati ya majani. Alisema ni yeye, ni maneno yake ya gunia. Mama akamwambia asiloweshe majani, kiwanda hakinunui maji. Ilikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka.

Wiki chache baadaye baba alitafuta saspenda. Nadhani alikuwa amefikiri sana. Alizitafuta kwenye msumari nyuma ya mlango, hazikuwepo, akaniuliza mimi mfuaji. Nikamwonyesha kwa kidole. Mama alikuwa anashuka kutoka shambani, na ile plastiki tunayojifunga mbele ili umande usituloweshe ilikuwa imeshikwa na kanda mbili za rangi ya damu ya mzee, zimepita mabegani, zimebana plastiki kwa vibanio vyake. Zilimkaa vizuri. Baba alimtazama akipita, akamwambia, "Zinakufaa."

"Zinafaa kazi," mama akasema, akapita.

Mshipi niliukuta Desemba, nilipoenda Kipkelion peke yangu. Ulikuwa umevalishwa ndama mwekundu, mjukuu wa mjukuu wa yule ng'ombe, na kengele imening'inizwa kwenye chuma chake. Mama mkubwa aliniona nikiangalia.

"Baba yako alikuja nao baada ya koito, akauacha hapa. Baadaye aliuomba," akasema. "Lakini ndama huyu alikuwa anatoroka kwenda kwa jirani."

Akanipa mursik kama zamani. Hakuniuliza habari za saspenda. Niliponyanyuka kwenda alinipa kibuyu nimpelekee mama, na mama alikirudisha kimejaa majani chai ya nyumbani, yaliyokaushwa kwa sufuria. Wameendelea hivyo. Wale wawili siku hizi wanatumiana vitu, ni mimi ninayevibeba. Baba anaenda na kurudi kama kawaida, anapokelewa, anapewa chakula, anaulizwa habari za njiani. Anapita Kericho bila kusimama kwenye bomba. Hana cha kubadilisha.

Dada alikuja kutusalimia akiwa na mtoto mgongoni. Alimkuta baba kituoni, akaja nyumbani ameshika mdomo. "Ningewaacha wakwe wacheke," akaniambia. "Wangecheka siku moja."

Kwa sababu ile suruali ya fundi ilishonewa kiuno cha siku ile, na baba ameendelea kukonda. Haikai tena yenyewe. Haina vitanzi vya kupitishia mshipi. Kurudi kwa fundi hataki, anasema suruali bado ni nzima.

Litein kuna duka la nguo za wanaume, mishipi imening'inizwa mlangoni kama nyoka waliokaushwa. Nimesimama hapo mara nyingi nikitoka shule. Hata saspenda wanazo, nyeusi, mpya. Ningeweza kuuza maparachichi nikanunua. Lakini nikifikiria kumpelekea, namwona mama anaziangalia, na mama mkubwa anaziangalia, na mimi nimekuwa nyumba ya tatu. Mwenye duka akiniuliza nataka nini, nasema naangalia tu.

Kituoni wale wanaume hawamchokozi tena kuhusu kufuli. Nilidhani ningefurahi. Baba anakuja na gunia lake, analitua, anawasalimia mmoja mmoja kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika suruali.